Unataka Kuanzisha Huduma Mariakani? Cheti Pekee Hakitoshi, Msee

Tuseme umeitwa. Uko Mariakani, umelala, usiku umesikia sauti, na asubuhi ushaamua: unaanzisha huduma yako ya injili. Vifaa si noma. Mabati yako, viti vya plastiki unakodi, spika mbili, maiki, bango lenye picha yako ukiwa ndani ya suti, na akaunti ya TikTok. Wiki mbili tu na watu wanakuita pasta.

Hakuna ubaya hapo. Kifungu cha 32 cha Katiba ya 2010 kinakupa uhuru wa kuabudu na kufundisha dini yako. Na huku kwetu hii si story mpya. Hapo jirani tu, Rabai, Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann walianzisha misheni yao mwaka 1846.

Lakini tangu Aprili 2023, ukitaja huduma mpya ndani ya Kilifi watu wanakuangalia mara mbili. Unajua mbona. Shakahola iko kaunti hii hii. Polisi walifukua zaidi ya miili 400 kwenye msitu ule, watoto wakiwemo, na upasuaji ukaonyesha wengi walikufa njaa. Paul Mackenzie, aliyeanzisha Good News International huko Malindi mwaka 2003, alishtakiwa pamoja na wenzake wengi. Walikana mashtaka.

Sasa kila mtu ana dawa yake. Wa kwanza anasema, "Wasajiliwe!" Poa, tuangalie. Sheria ya Vyama inataka kikundi kiende kwa Msajili wa Vyama, kiwe na katiba na viongozi, na kipeleke ripoti kila mwaka. Lakini Good News ilikuwa imesajiliwa. Cheti chake kilifutwa 2023, wakati makaburi yashaanza kufukuliwa. Karatasi ilikuwepo, na watu wakafa.

Wa pili anasema, "Waende shule ya theolojia!" Rwanda walijaribu. Mwaka 2018 walifunga makanisa zaidi ya 700 Kigali pekee, kisha wakapitisha sheria inayodai viongozi wawe na digrii ya mambo ya dini. Hapa Kenya, kanuni za kuwadai wahubiri vyeti zilipendekezwa, makanisa yakapiga kelele, na Januari 2016 Rais Uhuru Kenyatta akaagiza zirudishwe mezani. Baada ya Shakahola, jopo la Mutava Musyimi, ambaye mwenyewe ni mchungaji, lilikabidhi ripoti yake Julai 2024, na mjadala ukaanza upya.

Kusoma hakuumizi mtu. Lakini fikiria mathe wa darasa la nane anayeombea wagonjwa chini ya mwembe kule Kaloleni, na hajawahi kumwambia mtu aache dawa. Sheria ya digrii inamfunga yeye kwanza. Mwenye ganji atalipia digrii yake na aendelee vile alivyo.

Basi tatizo liko wapi? Wewe wa Mariakani unapaswa kulijua kuliko wote, kwa sababu unaishi na mizani. Kila siku malori yanatoka bandarini Mombasa, yanafika hapo, yanapimwa. Dereva hajipimi mwenyewe aseme, "Niko sawa, nifungulieni njia." Anapimwa na mtu ambaye si yeye na hamlipi yeye.

Sasa, pasta wetu mpya, nani anakupima?

Sadaka ikiingia kwa namba ya M-Pesa, ni namba ya kanisa ama yako? Kuna wazee wanaoweza kukuambia "hapana" na Jumapili ijayo bado wawe wazee? Muumini akiuliza pesa zilienda wapi, anajibiwa ama anaambiwa ana pepo? Mtoto akishikwa na malaria, unamwombea akiwa njiani kwenda hospitali, ama unamzuia asiende?

Na wewe unayealikwa, usijifanye haikuhusu. Mtu akikuambia uache kazi, utoe watoto shule, uuze shamba na uhamie mahali ambapo mama yako hawezi kukufikia, huyo anakuondoa kwa watu ambao wangekuuliza maswali. Wengi waliofika Shakahola walipitia njia hiyo hiyo, hatua moja baada ya nyingine. Na usidhani yaliisha 2023. Mwaka 2025, Kwa Binzaro, Kilifi hii hii, miili zaidi ya 30 ilifukuliwa tena.

Serikali nayo haiponi hapa. Mackenzie alikamatwa mwaka 2017 kuhusu mahubiri yake dhidi ya shule, akarudi kuendelea. Kamati ya Seneti iliyoongozwa na Danson Mungatana ilisema wazi kwamba vyombo vya dola vilizembea. Kwa hivyo sheria mpya ikija sawa, lakini usingoje Nairobi ikulindie ndugu zako.

Kabla hujanunua hizo spika, tafuta watu watatu wasiokuogopa. Wape vitabu vya hesabu, wape ruhusa ya kukusimamisha, na uitangaze ruhusa hiyo mbele ya waumini wote. Ukiona hilo ni gumu kuliko kukodi hema, basi bado hujaitwa. Subiri kidogo.