Unene Tuliousifu: Somo la Bushi Moja ya Pampu

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mjumbe wa kamati ya ukaguzi na mapokezi iliyopokea bushi ya shafti ya pampu ya maji. Bushi hiyo ilikuwa imelika, ikapelekwa nje ya nchi, ikapuliziwa utando mpya wa kauri kwa njia ya plazma, ikarejeshwa ikiwa nyeusi, laini, yenye kung'aa. Tulipima kipenyo kwa maikromita, kilikuwa sahihi. Tulisoma cheti; kilikuwa na mhuri. Mjumbe mmoja aliuliza unene wa utando, tukaambiwa unakaribia milimita 1, nasi tukaridhika kwamba mzabuni hakutupunja. Nikatia saini. Miezi miwili haikutimia, utando ule ukabanduka vipande vipande kama ganda la yai lililochemshwa, pampu ikasimama, na mitaa iliyoitegemea ikarudi kwenye foleni za madumu.

Ndugu msomaji, mzabuni yule ana makosa yake, nami sitamtaja. Ninaandika kwa sababu saini ile ni yangu, na kwa sababu nilikuwa na elimu ya kutosha kutambua kwamba siku ile hatukupima chochote kilichohusu uimara wa utando. Tulipima umbo lake na tukasoma karatasi zake.

Hebu tuanze na kitu chenyewe. Katika upuliziaji wa plazma, gesi, mara nyingi agoni iliyochanganywa na haidrojeni, hupitishwa katika cheche kali ya umeme isiyokatika, hadi kiini cha ulimi wake wa moto kikapita nyuzijoto 10,000 za Selsiasi. Unga wa kauri huingizwa humo. Kwa bushi za pampu aghalabu hutumika oksidi ya kromi, ambayo huyeyuka kwenye nyuzijoto zaidi ya 2,400. Matone yaliyoyeyuka hurushwa kwa kasi kubwa na kuugonga uso wa chuma. Kila tone hutandaa kama chapati ndogo yenye unene wa mikroni chache, yaani elfu chache za milimita, na kuganda papo hapo. Kisha tone jingine hulala juu yake. Utando mzima ni chapati hizo zilizopangana tabaka juu ya tabaka, na katikati yake hubaki vitundu na nyufa ambazo jicho tupu haliwezi kuziona.

Huo ndio muundo. Mkazo huzaliwa humo humo. Tone linapopoa hutaka kunywea, lakini limekwisha kushikamana na lililo chini yake, hivyo hubaki likivuta. Baadaye kipuri kizima kinapopoa, chuma hunywea zaidi kuliko kauri, na kauri hujikuta imebanwa. Mivuto na mibano hiyo haiondoki. Hubaki ndani ya utando hata bushi ikiwa imelala mezani bila mzigo wowote, ndiyo maana wahandisi huuita mkazo baki. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hapa nguo yenyewe ndiyo iliyobeba hatari. Tena juu ya uso wa mviringo kama wa bushi, utando uliobanwa hujaribu kujitenga na chuma kuelekea nje, na kwenye kingo hali huwa mbaya zaidi.

Sasa turudi kwenye unene ule tuliousifu. Kwa mkazo ule ule, utando unapoongezeka unene maradufu, nishati iliyofungiwa katika kila sentimita ya mraba nayo huongezeka maradufu. Nguvu ya mshikamano kati ya utando na chuma haiongezeki kwa kiasi hicho. Inategemea jinsi uso wa chuma ulivyokwaruzwa na kusafishwa kabla ya kupuliziwa. Kwa hiyo kuna unene ambao ukiupita, utando hujibandua wenyewe. Bushi iliyolika sana ilipaswa kujazwa kwanza kwa tabaka la metali, kisha ipuliziwe kauri nyembamba juu yake, ya sehemu chache tu za kumi za milimita. Baada ya aibu ile tuliikata, tukaimwagia resini, tukaisugua na kuitazama kwa hadubini. Tabaka la metali halikuwepo. Kwenye mpaka kati ya kauri na chuma zilijipanga chembe za mchanga wa kukwaruzia ambazo hakuna aliyezisafisha. Tulikuwa tumekisifu kile kile kilichoharakisha kifo chake.

Je, tungewezaje kujua mapema? Njia ziko kadhaa, na kila moja ina jambo inaloweza kulisema na jambo isiloweza.

Ya kwanza ni hadubini. Huonyesha vitundu, nyufa, matone ambayo hayakuyeyuka na uchafu wa mpakani. Lakini huhitaji mkono mwaminifu. Kauri ikisuguliwa vibaya, chembe zake hung'oka na kuacha mashimo ambayo hayakuwepo. Metali laini ikisuguliwa vibaya, hutandaa na kuyafunika mashimo yaliyopo. Mtu mmoja anaweza kuufanya utando huo huo uonekane mbovu au mzima. Ndiyo maana picha isiyoeleza jinsi kipande kilivyoandaliwa ni pambo la ripoti tu.

Ya pili ni kipimo cha kuvuta, kilichoelezwa katika kiwango cha Marekani cha ASTM C633. Kitufe cha chuma chenye kipenyo cha takriban milimita 25 hupuliziwa utando, hugundishwa kwa kitufe kingine, kisha huvutwa hadi viachane. Cheti chetu kilikuwa na namba ya kipimo hiki, nasi tuliisoma kwa heshima. Hatukuuliza mpasuko ulitokea wapi. Ukitokea kwenye gundi, namba ile inaeleza nguvu ya gundi, na kuhusu utando inasema tu kwamba haukuwa dhaifu kuliko gundi. Ukitokea ndani ya utando, chapati zenyewe hazikushikana. Ukitokea mpakani, maandalizi ya chuma yalikuwa mabaya. Na utando ukiwa mwembamba mno, gundi hupenya vitundu vyake hadi kwenye chuma na kukidanganya kipimo; ndiyo sababu kiwango hicho kinataka unene unaozidi milimita 0.38.

Ya tatu ni kupima mkazo wenyewe. Eksirei huweza kuusoma, ila huona ngozi ya juu tu. Njia ya kutoboa kitundu kidogo katikati ya vihisi vilivyobandikwa huingia ndani zaidi, lakini hukiacha kipuri na jeraha. Iliyo rahisi kuliko zote ina zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1909, George Gerald Stoney, mhandisi wa Ireland aliyefanya kazi na Charles Parsons katika mitambo ya mvuke, aliweka nikeli juu ya rula nyembamba za chuma na kupima jinsi zilivyopinda. Kutokana na kupinda huko alikokotoa mkazo uliokuwa ndani ya nikeli. Mpaka leo karakana zinazojiheshimu hupulizia ukanda mwembamba wa chuma sambamba na kipuri, kisha huutazama umepinda upande gani na kwa kiasi gani.

Kuna hoja mbili ninazozisikia kila ninapolieleza jambo hili. Ya kwanza ni kwamba vipimo hivi huharibu kipuri, na kipuri ni cha bei kubwa. Ni kweli vinaharibu. Lakini kinachotakiwa kuharibiwa ni kipande cha shahidi: kitufe, ukanda na kibamba kidogo cha chuma kile kile, vilivyopuliziwa siku ile ile, kwa unga ule ule, na bunduki ile ile. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na pampu kusimama wiki moja.

Hoja ya pili ni kwamba hatuna maabara. Hii ina ukweli, ila si wote. Hadubini, mashine za kuvuta na misumeno ya kukatia vipande zimo katika idara za uhandisi za vyuo vyetu vikuu, na watu wa kuzitumia tunawafundisha kila mwaka. Ukanda wa chuma hauhitaji hata maabara. Kinachokosekana ni kifungu katika mkataba, na mtu mwenye mamlaka ya kusema "hatupokei" wakati wananchi hawana maji na simu za wakubwa zinaita. Nakiri kwamba hilo la pili ni gumu kuliko mashine yoyote. Siku ile hakuna mjumbe aliyetaka kuwa sababu ya kuchelewesha maji, nikiwemo mimi.

Jambo hili linapita mipaka ya pampu moja. Mitambo mikubwa inayozalisha umeme kwa gesi, ya aina tuliyo nayo Ubungo na Kinyerezi, hufanya kazi katika joto ambalo metali hailivumilii bila kinga. Katika mitambo ya namna hiyo kinga iliyozoeleka ni kauri ya zirkonia iliyochanganywa na itria, kwa kawaida asilimia 7 hadi 8, na mara nyingi hupuliziwa kwa plazma. Huko vitundu hutakiwa, kwa kuwa hupunguza upitishaji wa joto na kuuruhusu utando ulegee kidogo chuma kinapotanuka. Vitundu ambavyo ni ugonjwa kwenye bushi ya pampu ni afya kwenye mtambo wa gesi. Hivyo cheti kinachosema "ubora umethibitishwa" hakina maana mpaka kieleze ni ubora kwa kazi gani, umepimwa kwa njia ipi, na nani.

Ninachopendekeza ni kidogo. Kila zabuni ya kupulizia utando wa kinga itaje unene wa juu pamoja na ule wa chini. Itamke kiasi cha vitundu kinachokubalika kwa kazi husika. Idai vipande vya shahidi, na ukanda mmoja wa Stoney, vikabidhiwe kwa mnunuzi kabla ya malipo ya mwisho. Mnunuzi avipime kwa mtu asiyelipwa na mzabuni. Na ripoti ya kipimo cha kuvuta ieleze mahali pa mpasuko, si namba peke yake.

Kipande cha bushi ile bado ninacho ofisini, ndani ya resini yake. Wanafunzi huniuliza kwa nini nimekihifadhi. Huwapa hadubini watazame mpaka wa kauri na chuma, wazihesabu chembe za mchanga, kisha huwaonyesha nakala ya fomu ya mapokezi yenye saini yangu. Nikiitwa tena kwenye kamati kama ile, kabla sijashika kalamu nitauliza kwanza vipande vya shahidi viko wapi.