Digrii ya kulipwa mshahara: Bongo mbona hela ipo?

Najua nimepotea kidogo, si unajua tena mambo ya bando na kuhangaikia riziki. Leo nina jambo limenikaa kichwani tangu Jumapili, na kama na wewe umemaliza form six halafu upo upo tu mtaani, hili linakuhusu.

Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, yuko Uingereza tangu akiwa darasa la tatu. Sasa hivi anasoma digrii ya uhandisi wa programu za kompyuta, mwaka wa tatu. Jumapili kanipigia WhatsApp, nikamtania, "Kaka, boom limeingia?" Akacheka sana. Jamaa hana boom. Ana mshahara.

Hata mimi sikumuelewa haraka. Jumatatu mpaka Alhamisi yuko ofisini anafanya kazi kama mwajiriwa, na ni mwajiriwa kweli, ana mkataba. Ijumaa ni siku ya chuo. Ada halipi hata senti, wakati wenzake wa digrii ya kawaida ada yao ilikuwa pauni 9,250 kwa mwaka mpaka 2025 ilipopandishwa ikawa 9,535, na wengi wanamaliza na deni. Akimaliza anapata digrii kama ya wenzake, sio cheti cha kufutia machozi. Kwa Kiswahili tungesema digrii ya uanagenzi. England wameianza mwaka 2015 (Scotland wana utaratibu wao).

Nikamwambia kaka hapo umekula bingo. Akaniambia tulia kwanza nikusimulie.

Wiki ya kwanza alidhani atapewa atengeneze programu mpya. Akapewa hitilafu ndogo: fomu moja inageuza tarehe, siku inakaa kwenye mwezi na mwezi kwenye siku. Alihangaika siku tatu kwenye mafaili ya watu walioacha kazi zamani, na alipopata dawa yake ilikuwa kubadilisha mstari mmoja tu. Akampelekea mkubwa wake wa kazi aikague. Ikarudi na maoni kumi na moja! Jina alilotumia halieleweki, hajaandika jaribio la kuonyesha kwamba hitilafu haitarudi, na mengine mengi. Anasema siku hiyo alitaka kulia, lakini ndiyo siku aliyojifunza kuliko muhula mzima.

Halafu Ijumaa mwalimu anafundisha jinsi ya kupanga data, na yeye anakumbuka kitu alichokiona Jumanne kazini. Hicho ndicho anachokisifia zaidi, kwamba somo halijapoa kabla hujalitumia. Hata mradi wake wa mwisho utatokana na kazi halisi ya ofisini.

Ila anachoka, wadau. Kazi za chuo anafanya usiku na wikiendi. Likizo ndefu za wanafunzi yeye hana, ana likizo ya mwajiriwa. Wenzake wako bwenini wanapiga stori, yeye yuko kwenye treni asubuhi na baridi. Tena kila saa ya kusoma lazima aiandike, maana utaratibu ulipoanza ulitaka angalau asilimia 20 ya muda wa kazi iwe ya kujifunza, na mwajiri asikugeuze kibarua wa bei rahisi. Na kampuni ikipunguza watu, na masomo yako yanayumba. Hilo linamnyima usingizi.

Sasa nije kwangu. Mimi nimemaliza PCM, matokeo sio mabaya, lakini mzee alisema tusubiri dada amalize chuo kwanza. Nikaona nisikae bure, nikaenda kujitolea kwenye ofisi moja ndogo ya programu hapa Dar, watu saba. Miezi mitatu, daladala mbili kwenda, mbili kurudi, nauli yangu mwenyewe. Nilirekebisha printa, nilifuata chapati, na kwa bahati nikafundishwa kutengeneza ukurasa wa risiti wa duka la mteja. Ule ukurasa upo mpaka leo unafanya kazi. Nauli ilipokata na mimi nikakata. Simlaumu sana bosi, mwenyewe alikuwa anadaiwa pango la miezi miwili.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa kaka lilikuwa: nani analipa? Hapo ndipo penye utamu.

Kule kuanzia Aprili 2017 kila mwajiri ambaye mishahara yake kwa mwaka inazidi pauni milioni 3 anakatwa asilimia 0.5 ya kile kilichozidi. Kampuni yenye mishahara ya milioni 5 inatoa pauni 10,000. Lakini hela hiyo haipotei machoni pake, inakaa kwenye akaunti yenye jina lake, na anaitumia kulipia mafunzo ya wanagenzi. Asipoitumia ndani ya muda uliowekwa, imekwenda. Sasa mfanyabiashara gani atakubali hela yake ipotee? Anatafuta kijana. Mshahara anatoa mfukoni mwake, chuo kinalipwa na akaunti. Na kampuni ndogo zisizokatwa ziliwekewa kuchangia asilimia 5 tu ya gharama ya mafunzo, nyingine serikali.

Utasema wale ni matajiri. Ngoja. Unajua kwamba hapa kwetu Bara waajiri wanakatwa zaidi? Ipo tozo ya ujuzi, wahasibu wanaiita SDL. Julai 2023 ilishushwa kutoka asilimia 4 ikawa 3.5, na inawagusa wenye wafanyakazi kumi na kuendelea. Kwa kiwango hicho, asilimia 3.5 kwa 0.5, ni mara saba! Tena yetu inakatwa kwenye mishahara yote, haisubiri ifike milioni fulani. Piga hesabu kwa kiwango hicho: ofisi yenye mishahara ya milioni 20 kwa mwezi inatoa laki saba kila mwezi, milioni 8.4 kwa mwaka.

Theluthi moja imewekwa kwa ajili ya VETA, theluthi mbili zinaingia serikalini, na huko ndiko inakotoka mikopo ya elimu ya juu. Sisemi zimeliwa, tusije tukaelewana vibaya. VETA inafundisha watu na mikopo imesomesha watu. Ninachosema ni kwamba mwajiri akishalipa laki saba zake amemalizana na wewe. Hakuna kinachomlazimisha kukufahamu. Wewe utasoma miaka minne, utaenda field wiki nane, halafu utarudi kwa mwajiri huyo huyo na bahasha, akuulize uzoefu uko wapi.

Mwongozo wa taifa wa uanagenzi tunao tangu 2017. Mimi nauliza habari ya kuunganisha ile tozo, digrii na meza ya ofisini.

Kuna atakayesema kampuni zenyewe zitajipanga. Andela walijaribu. Walianza Lagos 2014, wakafika Nairobi na Kampala, wanachukua vijana, wanawafundisha kuandika programu huku wanawalipa. Vijana wengi wametoka pale wakiwa mafundi wa kweli. Lakini Septemba 2019 wakatangaza kuachana na wachanga kama 400, kwa sababu wateja walitaka wazoefu. Kampuni peke yake soko likigeuka na yenyewe inageuka, na hawa hata digrii hawakuwa wanapewa.

Halafu tahadhari, maana nawajua. Ukiona mtu mtandaoni anauza "nafasi ya digrii ya kulipwa Uingereza", kimbia. Kaka anasema kwa kawaida wanataka uwe umeishi kule miaka mitatu na una haki ya kufanya kazi. Viza ya mwanafunzi haikupeleki huko. Usitume hela ya mtu.

Mimi nikipewa nafasi ya kupendekeza ningeomba kitu kidogo tu: mwajiri anayechukua kijana wa digrii kwa mkataba wa miaka minne aruhusiwe kutumia sehemu ya SDL yake kumlipia ada. Nyingine iendelee kwenda inakokwenda. Tuanze hata na vyuo viwili na kampuni ishirini za simu na benki, tuone. Mikopo itapungua kidogo, najua, na hapo ndipo penye ugomvi, maana kuna mtoto wa mkulima anayeitegemea.

Wahasibu mnaopita humu, ofisi zenu zinatoa SDL kiasi gani kwa mwezi, na mmewahi kupokea mwanafunzi yeyote kwa hela hiyo? Mtiririke hapo chini. Muda wangu wa kafe umebaki dakika nne, nawakilisha.