Kwa nini umeme ulioondolewa Safari Rally unaendelea kutamba Le Mans

WAKATI magari ya mashindano ya dunia yakitimua vumbi Naivasha, Kenya, Machi 2025, kitu kimoja kilichokuwamo kwa misimu mitatu kilikosekana. Mota ya umeme na betri yake vilikuwa vimeondolewa kwenye magari ya daraja la juu la Safari Rally, na Elfyn Evans wa Toyota akaibuka mshindi kwa gari lililotegemea injini pekee.

Miezi mitatu baadaye huko Le Mans, Ufaransa, Ferrari ilishinda mbio za saa 24 kwa mara ya tatu mfululizo ikitumia 499P, gari ambalo magurudumu yake ya mbele husukumwa na mota ya umeme.

Swali linalojitokeza ni kwa nini teknolojia ya haibridi imeondolewa upande mmoja na kuendelea kutawala upande mwingine.

Jibu linaanzia kwenye breki. Gari la Le Mans lenye uzito wa kilo 1,030, likipunguza mwendo kutoka kilomita 300 hadi 100 kwa saa, hupoteza nishati ya takriban megajuli 3.2. Katika gari la kawaida, sehemu kubwa ya nishati hiyo hugeuka joto kwenye breki na kupotea bure. Katika gari la haibridi, magurudumu huzungusha mota, nayo hugeuka jenereta na kuijaza betri umeme utakaotumika gari linapotoka kwenye kona.

Ekseli ya mbele ndiyo inayofaa zaidi kwa kazi hiyo, kwa kuwa dereva anapofunga breki uzito wa gari huegemea mbele. Umeme huo ukirudishwa kwenye magurudumu hayo hayo, gari ambalo injini yake huendesha ya nyuma tu hugeuka la magurudumu manne, bila kuhitaji shafti ndefu ya kuunganisha mbele na nyuma.

Audi ilithibitisha jambo hilo mwaka 2012, pale R18 e-tron quattro ilipokuwa gari la kwanza la haibridi kushinda Le Mans. Hata wakati huo, sheria ziliizuia mota ya mbele kusukuma gari kabla halijafikia kasi ya kilomita 120 kwa saa, ili faida ya magurudumu manne isizidi mno.

Hata hivyo, mafanikio hayo yalikuwa na bei yake. Bajeti zilivimba, Audi ikajitoa baada ya msimu wa 2016 na Porsche ikafuata mwaka 2017. Hadi mwaka 2020 Toyota ilibaki kampuni pekee yenye haibridi katika daraja la juu, ikishinda Le Mans mara tatu bila mpinzani wa aina yake.

Sheria zilizoanza mwaka 2021 zilikuja kuzuia hali hiyo isijirudie. Mota ya mbele iliwekewa ukomo wa kilowati 200, na inapofanya kazi injini hulazimika kupunguza nguvu ili jumla isizidi kiwango kilichowekwa. Mwaka 2023, Ferrari na Toyota hazikuruhusiwa kutumia ekseli hiyo chini ya kilomita 190 kwa saa. Kwa maneno mengine, umeme ulinyimwa nafasi ya kusaidia pale ambapo matairi ya nyuma huteleza zaidi. Lengo lilikuwa kuyapa nafasi magari kama Porsche 963, yenye mota ndogo ya kilowati 50 upande wa nyuma.

Katika Safari Rally hesabu ilikuwa tofauti. Magari hayo tayari yanaendeshwa kwa magurudumu manne, hivyo mota ya kilowati 100 na betri ya kilowati-saa 3.9 viliongeza nguvu na uzito, si mshiko mpya barabarani. Mtambo wenyewe ulitoka kwa mtengenezaji mmoja na ulifungwa, mafundi wa timu wasiweze kuufungua. Novemba 2024 Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, liliamua kuuondoa, likitaja gharama na ugumu wake. Uzito wa chini wa gari ukashuka kutoka kilo 1,260 hadi 1,180.

Uamuzi huo unagusa hoja ambayo kampuni za magari huitumia kuhalalisha matumizi makubwa: kwamba mbio ni maabara ya gari la mwananchi. Historia haiungi mkono hoja hiyo kikamilifu. Toyota iliuza Estima ya haibridi yenye mota kwenye ekseli ya nyuma tangu mwaka 2001, miaka 11 kabla ya ushindi wa Audi. Harrier ya haibridi, ndugu wa magari yaliyozoeleka sana katika barabara za Dar es Salaam, ilifuata mwaka 2005 kwa mpangilio huo huo.

Hivyo, hatima ya ekseli ya umeme katika mbio haiamuliwi na mafundi pekee, kwani ubora wake ulikwishaonekana. Inaamuliwa na waandika sheria, wanaopima kama faida yake inatosha kulipia gharama bila kuwafukuza washindani. Le Mans wamejibu ndiyo, kwa masharti. Kwa Naivasha, jibu lililotolewa ni hapana.