Dubu Hakujialika Mjini

Wahenga walinena kwamba mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Methali hii hunijia kila nisomapo habari za dubu wanaoshuka milimani na kuingia mijini. Aghalabu vichwa vya habari hizo huwa na muundo mmoja: dubu ndiye kiima, nacho kitenzi ni kuvamia au kushambulia. Kwa kuwa kazi yangu ni kufundisha isimu, hujiuliza swali ambalo huwauliza wanafunzi wangu: ni nani aliyeachwa nje ya sentensi?

Tuutazame mji wa Durango, kusini-magharibi mwa jimbo la Colorado, Marekani. Mji huo umezungukwa na milima yenye misitu, makazi ya dubu weusi. Kabla ya msimu wa baridi dubu hujilimbikizia mafuta yatakayomhifadhi katika usingizi wake mrefu, na wakati huo aweza kutafuta chakula kwa saa 20 kwa siku. Chakula chake cha asili ni matunda ya porini, mbegu za mialoni na wadudu. Baridi ya ghafla au ukame ukiharibu mavuno hayo, harufu ya pipa la taka humwongoza hadi mlangoni mwa mtu. Akishaonja, hurudi, na dubu anayezoea kurudi mara nyingi huishia kupigwa risasi.

Kati ya 2011 na 2016, watafiti wa idara ya wanyamapori ya Colorado walifanya uchunguzi mjini humo. Waliwagawia wakazi wa baadhi ya mitaa mapipa zaidi ya 1,100 yenye vifuniko ambavyo dubu hawezi kuvifungua. Katika mitaa hiyo, visa vya dubu kufukua taka vilikuwa pungufu kwa asilimia 60 kuliko kwingineko. Dubu walikuwa wale wale. Kilichobadilika ni kifuniko, na mkono wa kukifunga.

Sisemi kwamba dubu ni kondoo. Nchini Japani, katika mwaka wa serikali ulioanza Aprili 2023, watu 219 walishambuliwa na 6 wakafa. Mtu aliyevamiwa ana haki ya kulindwa, hata kwa bunduki. Lakini bunduki huja mwisho. Pipa huja mwanzo.

Huku kwetu hatuna dubu, ila sentensi yenyewe tunayo. "Nyani wavamia shule," twasoma, na mabaki ya chakula yaliyotupwa nyuma ya jikoni hayatajwi. "Ndovu waharibu mashamba," twasoma, na aliyeigawa na kuiuza njia yao ya jadi hatajwi. Hapa sharti tuwe waadilifu: mkulima aliyenunua kipande hicho bila kujua hakujidunga mwiba. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 iliahidi fidia ya shilingi milioni 5 kwa jamaa ya aliyeuawa, lakini ni familia ngapi zimezeeka zikisubiri? Kumlaumu ndovu ni rahisi, kwa maana ndovu hawezi kuitwa kizimbani.

Walimu wenzangu, wapeni wanafunzi kichwa kimoja cha habari kama hizi, wamtafute mtenda aliyefichwa. Wakimpata, watakuwa wamejifunza sarufi, na pengine watajua pa kuanzia kufunika pipa.