100% ya Watoto Wangapi?

Kila mwaka, wakati matokeo ya ENAFEP yanatoka, mu mitaa yetu ya wafanyakazi wa mine maneno ni yale yale. Shule moja inaandika ku mlango wake «100%», na wazazi wanakimbilia kule. Ingine inapata chini, na walimu wake wanaitwa wavivu. Halafu kunasikika maneno mengine, ya hatari zaidi: «Ni batoto ba kuya njo banaangusha masomo yetu.»

Sisi wa sendika tunasema: wandugu, mbele ya kusifu huyu na kuhukumu yule, tuulize kwanza. Ni 100% ya watoto wangapi?

Tuchukue mfano. Shule ya kwanza iliandika watoto 60 mu mwaka wa kwanza. Mu njia 40 wakapotea: wamoja walirudilia mwaka, wamoja walikosa viatu na madaftari, wamoja walikwenda kusafisha mawe ku mto. Ku mtihani ilipeleka 20, wote 20 wakapita. Hiyo njo 100%. Shule ya pili iliandika 60 vilevile, tena ikapokea 20 wenye wazazi wao walikuja kutafuta kazi huku. Ilipeleka 70, wakapita 56. Hiyo ni 80%. Ya kwanza inasifiwa, ya pili inachekwa. Lakini ni shule gani ilivukisha watoto wengi?

Mwenye kuuza mawe ku depo anajua mambo haya. Ukichagua jiwe moja zuri na kulipeleka ku mashini, tenere itapanda. Lakini haitasema kitu juu ya gunia.

Tuangalie sasa watoto hawa wanatoka wapi. Miji yetu ya mine ilijengwa na watu wa kuja. Union Minière, yenye ilianza mu 1906, ilitafuta wafanyakazi mpaka Kasai na Rwanda-Urundi. Gécamines, yenye ilichukua nafasi yake mu 1967, ilikuwa na kambi zake na shule zake, na mtoto wa mfanyakazi alikuwa na banki yake mu darasa. Mu 2003 wafanyakazi zaidi ya 10.000 waliondoka kazini kwa ile yenye iliitwa «départ volontaire», na familia nyingi zikabaki bila shule ya kampuni. Kiisha kampuni mpya zikafika, na watu wakafuata kazi, Kolwezi, Fungurume na pembeni yake.

Ku Septemba 2019 ikakuja elimu ya bure mu shule za msingi za Leta, sawa vile Katiba ya 2006 inasema mu kifungu cha 43. Bure hiyo ni ya shule za Leta na pia za makanisa zenye mkataba na Leta. Ni jambo la haki, na hatutakubali mtu airudishe nyuma. Watoto wenye walikuwa wanabaki nyumbani waliingia ku masomo. Lakini kuta hazikupanuka. Watoto wane wanakaa ku banki ya wawili, na kuna walimu wenye wanafundisha mpaka leo bila mshahara wa Leta.

Basi mtoto wa kuja hakuharibisha kitu. Pengine kwao anasema Ciluba. Sheria ya 2014 inasema miaka ya kwanza wafundishe mu luga ya taifa ao luga ya pale, kiisha Kifaransa. Kwa mtoto huyu Kiswahili ni luga ya kujifunza, na Kifaransa kinangojea nyuma. Si mjinga. Anahitaji muda, kitabu, na mwalimu mwenye anaweza kufika ku banki yake.

Sisi wenye miaka makumi ine tulikuwa watoto mu 1992 na 1993, wakati ndugu za Kasai walifukuzwa Katanga. Tuliona nafasi za wenzetu zikibaki wazi mu darasa. Hakuna mumoja wetu mwenye alijua kusoma zaidi kwa sababu ile. Hatutaki kuona tena.

Watu wanaongezeka huku sababu mine inaongezeka. Basi madarasa nayo yaongezeke, na feza iko. Sheria ya mine ya 2018 inagawanya redevance: 50% kwa Leta ya kati, 25% kwa provensi, 15% kwa komini, sekta ao shefri yenye mine iko ndani yake, na 10% kwa mfuko wa vizazi vya kesho. Tena kampuni inapaswa kutoa 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wa pale. Vyumba vya darasa, mabanki na maji ni maendeleo. Mukubwa wa komini mwenye kusema «watoto ni wengi sana» atuambie pia tani zenye zilitoka na feza yenye iliingia.

Tunaomba kitu kimoja, na hakina bei. Kila shule ya msingi mu sous-division yetu iweke ku mlango hesabu hizi: wangapi waliingia mwaka wa kwanza miaka sita nyuma, wangapi walifika mwaka wa sita, wangapi walipelekwa ku mtihani, wangapi walipita, wasichana mbali na wavulana mbali, wangapi walikuja mu njia, walimu ni wangapi na Leta inalipa wangapi. Majina ya watoto hapana. Kabila hapana.

Wazazi wa COPA, ulizeni hesabu hizi mbele ya Septemba. Wa delege wa sendika, muziweke mu karatasi ya madai yetu, pamoja na mshahara na usalama wa kazi. Baba na mama, kama mwalimu anawaonyesha «100%», mupongeze, kiisha mumuulize wale wengine wako wapi. Pengine mumoja wao amebeba gunia sasa hivi, karibu na kazi yenu.