Mbuzi hana kosa, kosa ni la kamba

Sisi watu wa vilima vya Kivu tunapenda kusema kwamba ua wa miti ni urithi wa wazee. Tunalisema kwenye sherehe, kisha tunarudi nyumbani na kufungulia mbuzi. Urithi gani huo?

Tuseme wazi: ua ni mupaka wenye uhai. Mivumu na miyenzi iliyopandwa na babu ndiyo inayoonyesha, mbele ya mwami na hata mbele ya tribinali, shamba la nani linaishia wapi. Miche ikikauka, shahidi amekufa. Leo majirani wanavutana maneno, kesho panga zinatoka.

Miche inakufa namna gani? Mbuzi anaanza na majani. Hayo yanaweza kuota tena. Kiangazi kikikaza, anageukia ganda. Chakula kinachotengenezwa na majani kinashukia mizizi kupitia ganda hilo. Likichunwa kuzunguka shina lote, mizizi inakufa njaa, na muti unakauka ungali umesimama. Miyenzi inajitetea kwa maziwa yake makali. Mivumu michanga na kaliandra haina silaha.

Wengine watatujibu: «Mbuzi ndiyo minerval ya watoto, tena desturi iliruhusu mifugo itembee kisha mavuno.» Hatubishi. Vita vya 1996 na 1998 vilitunyang'anya mifugo, tunajua bei ya mbuzi mmoja. Lakini desturi hiyo ilikuwa na muchungaji nyuma ya mbuzi. Leo muchungaji yuko shuleni, na ni vema. Basi kamba ifanye kazi yake. Kuchukua nusu ya desturi, ile inayotupa faida, na kutupa nusu yenye wajibu, huo ni ujanja tu.

Dawa haingoji mradi wala muzungu. Mwenye mbuzi amfunge mbali na ua, amukatie majani na kumupelekea kibandani. Mwenye ua azungushie miche matawi ya miiba, apake mashina mavi ya ng'ombe yaliyokorogwa na maji, na arudilie kila mvua ikiyaosha. Kaliandra isikatwe mbele ya kutimiza mwaka moja. Na ganda likiliwa, mwenye mbuzi apande miche mingine kwa mukono wake, mbele ya wazee.

Anayefuga mbuzi bila kamba anafuga kesi. Tuache kuwasifu wazee kwa mudomo huku tunakula mipaka yao.