Mfumo wa mbolea: kupanga kwanza au kurekebisha njiani?

Mvua za kupandia Kilolo hazisubiri programu irekebishwe. Ikifika Novemba na Desemba, mkulima wa mahindi anatakiwa awe na mbolea mkononi. Ndiyo maana ubishi wa zamani wa watengenezaji programu, kupanga kila kitu kwanza au kutoa mfumo kipande kwa kipande, huku unamgusa hata asiyejua seva ni nini.

Agosti 8, 2022, siku ya Nane Nane jijini Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wa mbolea ya ruzuku. Mkulima anajiandikisha kijijini, anapewa namba, kisha wakala anaihakiki kidijitali kabla ya kumuuzia.

Kutoka pale hadi mvua ilibaki kama miezi mitatu tu. Msimu wa kwanza malalamiko yakawa foleni, mawakala kuwa mbali na mtandao kusumbua. Misimu iliyofuata huduma ikasogezwa karibu, vyama vya ushirika vikaingizwa, baadaye mbegu za mahindi nazo zikaongezwa. Kipande kwa kipande, na imesaidia.

Wanaopenda njia hii hutaja M-Pesa. Majaribio yake Kenya mwaka 2005 yalihusu kulipa mikopo midogo. Watu wakaanza kutumiana pesa wenyewe kwa wenyewe, na Machi 2007 huduma ikazinduliwa kama ya kutuma pesa. Sawa kabisa, ila walijaribu kwanza kwa watu wachache. Mbolea ilienda nchi nzima msimu mmoja.

Mimi naona kuna mambo hayajaribiwi kwenye shamba la mtu: nani anastahili, apate mifuko mingapi, na wakala afanye nini mtandao ukikata. Hayo yakubalike kabla hata mstari mmoja wa programu haujaandikwa, maana kosa la hapo mkulima analilipa kwa msimu mzima. Muonekano wa skrini, ripoti, maneno ya SMS (jamani, ziwe fupi!) yanaweza kubadilishwa hata kila wiki.

Na majaribio yafanyike Julai, kwenye kata za milimani Kilolo, siyo ofisini Dodoma. Wakala akishindwa kuuza mfuko kwa sababu intaneti imekata, bado kuna miezi minne ya kurekebisha.